Shimo Likizibwa, Nani Atalilinda?

Juma hili nataka tuzungumze habari za mashimo. Usicheke. Mashimo yana sheria yake, tena sheria nzito kuliko unavyodhani, na siku hizi mabwana wa sheria wa Ulaya, Marekani na Australia wanakesha kwa ajili yake.

Nianze karibu na nyumbani. Ukitoka hapa parokiani kwa njia ya sokoni, upande wa kushoto utaona shimo kubwa lenye maji ya kijani. Hapo ndipo mkandarasi mmoja alipochimba changarawe ya kutengenezea barabara. Barabara ilikwisha, tukashangilia, mitambo ikapakiwa juu ya malori, ikaenda zake, shimo likabaki. Masika iliyofuata likajaa maji. Ng'ombe wa mama mmoja mjane, ng'ombe wa maziwa, tena wa pekee, akateleza akafa humo.

Mama yule akanijia ofisini, maana karani kazi yake ni kuandika. "Mwalimu," akaniambia, kwa kuwa wazee bado huniita hivyo tangu nilipotoka chuo cha ualimu, "niandikie barua kwa mwenye shimo." Nikachukua kalamu. Nikaandika "Kwa", kisha nikakwama. Kwa nani? Mkandarasi alikuwa amekwisha kuifunga kampuni yake. Tulipouliza kwa wakubwa tuliambiwa kwamba shimo si lao, ni la mkandarasi. Mwenye shamba naye akasema kwamba yeye alikodisha kwa miezi sita tu. Mwisho tuliandika barua tatu, zikajibiwa mbili, na ng'ombe hakulipwa.

Basi mwezi uliopita kijana mmoja wa hapa kwetu, ambaye yuko chuo kikuu, alinipitia kunisalimu. "Shikamoo, mwalimu," akasema, kisha katika mazungumzo akanieleza kwamba wenzetu wa ng'ambo sasa wanazika hewa ardhini. Nikamwuliza, "Nao wakiisha kuizika, shimo ni la nani?" Akacheka, halafu akanyamaza. Akasema, "Mwalimu, hilo ndilo wanalogombania." Tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kupata, na leo nakuletea niliyoyaona.

Hewa yenyewe

Hewa inayozikwa huitwa hewa ukaa. Si kitu kigeni kwako; unaitoa puani sasa hivi unaposoma. Hutoka katika moto wa kuni, katika injini ya lori, na kwa wingi sana katika mitambo ya umeme wa makaa ya mawe na viwanda vya saruji. Ikizidi angani huifunika dunia kama blanketi, joto likapanda, na mvua zikaacha kufuata majira yake. Ile inayotoa povu ukifungua chupa ya soda ndiyo hiyohiyo. Tena yafaa ujue kwamba huko Rungwe, kusini mwa Tanzania, na huko Kereita, nchini Kenya, hewa ukaa hutolewa ardhini ikauzwa viwandani. Hakuna mtu aliyeiweka huko. Imo kwa maumbile. Kwa hiyo tusiwabeze wanaosema kwamba mwamba waweza kushika hewa. Waweza, na umekuwa ukiishika kabla ya babu zetu kuzaliwa.

Walakini ndugu zetu wa Goma, upande wa Kongo, wanaijua sura yake ya pili. Wao wana neno lake: mazuku. Ni mahali palipobonyea ambapo hewa hii hutoka ardhini ikatuama, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haina rangi, nayo haina harufu ya kukuonya. Mbuzi akiingia humo huonekana kama aliyelala. Watu pia wamekufa hivyo. Na huko Kamerun, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilitoa wingu la hewa hii kwa ghafula, likashuka mabondeni, likaua watu zaidi ya 1,700 na mifugo maelfu.

Pale Nyos hapakuwa na kampuni wala bomba. Wala ghala la chini ya mwamba si kama ziwa. Hewa iliyoshikwa katika vitundu vya mwamba mita elfu chini haiwezi kububujika yote kwa mara moja. Nimeitaja ili usije ukadhani kwamba mabishano haya ni ya makaratasi tu. Hata bomba linaloipeleka hewa hiyo lahitaji heshima. Tarehe 22 Februari 2020, mvua ziliporomosha ardhi karibu na kijiji cha Satartia, katika jimbo la Mississippi, Marekani, bomba la hewa ukaa likapasuka. Watu wapata 200 walihamishwa, na 45 wakaenda kutibiwa. Magari yalizimika njiani, kwa maana injini nayo hutaka hewa safi kama mtu. Kwa rehema hakufa mtu.

Jinsi inavyozikwa

Hewa ukaa hutengwa na moshi mwingine kiwandani, ikashindiliwa mpaka ikawa nzito kama kitu cha majimaji, ikapelekwa kwa bomba au kwa meli hadi kwenye kisima kirefu. Huteremshwa mita 800 au zaidi, ndani ya mwamba wenye vitundu vidogo vilivyojaa maji ya chumvi. Juu ya mwamba huo sharti pawe na mwingine mgumu usiopitisha kitu, kama kifuniko juu ya chungu. Hewa ikiisha kuingia, nyingine hukwama vitunduni, nyingine huyeyuka katika yale maji, na nyingine, kwa muda mrefu sana, hugeuka jiwe.

Wanorwe ndio waliotangulia kuifanya kazi hii kwa wingi ili kuikinga anga. Mwaka 1991 Serikali yao ilitoza kodi juu ya hewa ukaa, na kampuni ya mafuta ya Statoil ikaona heri kuizika kuliko kuilipia. Mwaka 1996 ikaanza kuishindilia chini ya Bahari ya Kaskazini, mahali paitwapo Sleipner, karibu tani milioni moja kila mwaka hapo mwanzo. Mwezi wa Agosti 2025 nchi hiyohiyo ilianza kuzika hewa iliyotoka katika kiwanda cha saruji cha Brevik, mita 2,600 chini ya sakafu ya bahari. Ni kazi safi, nami siidharau. Lakini tazama jambo moja dogo: mwaka 2018 Statoil ilibadili jina, sasa yaitwa Equinor. Miaka 22 tu, na kibao cha mlangoni si kile tena. Hewa iliyoko chini yatazamiwa kukaa miaka elfu.

Mwaka 2005 jopo la wataalamu wa mataifa yote juu ya tabianchi lilitoa taarifa kwamba mahali palipochaguliwa vema na kusimamiwa vema, yaelekea sana zaidi ya asilimia 99 ya hewa hiyo itabaki chini kwa miaka 100, na yaelekea itabaki hata miaka 1,000. Wengi wakinukuu taarifa hiyo huikamata ile asilimia 99. Mimi karani nakamata neno "kusimamiwa". Nani atasimamia katika mwaka wa mia tatu?

Sheria ya mashimo

Sheria hii ni ya kale. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, iko amri kwamba mtu aliyefungua shimo asilifunike, akatumbukia humo ng'ombe au punda wa mwenziwe, sharti alipe. Mama yetu mjane angaliishinda kesi hiyo kabla ya jua kuchwa. Ila sheria ile ilikuwa na bahati: mwenye shimo alikuwa jirani, jina lake linajulikana, na nyumba yake inaonekana kutoka kisimani.

Waingereza nao wana kesi yao mashuhuri, nayo yatuhusu sana. Mwaka 1860, huko Lancashire, bwana mmoja mwenye kinu, Rylands, aliwaajiri mafundi wamchimbie bwawa la maji. Chini ya mahali pale palikuwa na mashimo ya zamani ya makaa, yaliyofukiwa na kusahauliwa. Mafundi hawakuyaziba sawasawa. Bwawa lilipojazwa, maji yakapenya katika mashimo yale, yakatokea katika mgodi wa jirani, Fletcher, ukafurika. Rylands mwenyewe hakuwa na habari ya mashimo yale. Hata hivyo, mwaka 1868 baraza kuu la hukumu la Uingereza likaamua kwamba aletaye katika ardhi yake kitu kisichokuwamo, ambacho kikitoroka kitadhuru, basi akiweke kwa hasara yake mwenyewe. Kikitoroka, alipe, hata kama hakuzembea. Sheria za Waingereza zililetwa Kenya na Tanganyika wakati wa ukoloni, na kesi ya Rylands bado hutajwa katika mahakama zetu mpaka leo.

Wengine wataniambia, basi mambo yamekwisha: aliyezika hewa, ikitoroka, alipe. Polepole. Rylands alikuwa hai. Mahakama ilimpata.

Neno la sheria kwa mzigo huu ni dhima, yaani wajibu wa kujibu na kulipa. Katika hewa iliyozikwa dhima ni za namna mbili. Ya kwanza ni ile tunayoielewa sote: maji ya kisima yameharibika, shamba limekauka, mtu ameumia. Ya pili ni ngeni kidogo. Kampuni iliyozika hewa imekwisha kuhesabiwa sifa na fedha kwa sababu ya kuikinga anga. Je, hewa ile ikitoka miaka 60 baadaye, ikarudi angani kimyakimya bila kumwumiza mtu hata mmoja, nani atarudisha ile sifa na zile fedha? Huko Ulaya sheria imejibu: kampuni ambayo ghala lake limevuja sharti inunue na kurudisha vibali sawa na tani zilizotoroka, kwa bei ya siku hiyo. Hakuna ajuaye bei ya siku hiyo itakuwa nini, nalo jambo hilo huwatisha wenye makampuni kuliko ile dhima ya kwanza.

Kwa sababu hiyo makampuni husema, "Sisi tutazika, tutalinda kwa muda, kisha Serikali ipokee mzigo." Tusiwazomee kabla ya kuwasikia, maana hoja zao zina kweli ndani yake. Mashirika ya bima hayakubali kuandika bima isiyo na mwisho. Benki haikopeshi mtu mwenye deni lisilojulikana. Tena mwamba wenyewe una tabia njema: msukumo wa chini huwa mkali wakati hewa ingali inashindiliwa, ikikoma, msukumo hupungua mwaka hata mwaka, na hatari hupungua pamoja nao. Na la mwisho, kampuni hufa, lakini Serikali hubaki.

Sheria ya Ulaya ya mwaka 2009 iliwakubalia, ila kwa masharti. Kisima kikiisha kufungwa, kampuni sharti ikae ikilinda isipungue miaka 20, isipokuwa mamlaka ya nchi imeridhika mapema kwamba mambo ni salama. Sharti vilevile ionyeshe kwa ushahidi kwamba hewa imetulia na itabaki chini daima. Sharti izibe visima na kuondoa mitambo yake. Na kabla ya kukabidhi, itoe fedha za kutosha angalau kulinda mahali pale kwa miaka 30 mingine. Baada ya hapo dhima ni ya Serikali. Lakini ikija kugundulika kwamba kampuni ilificha habari, au ilizembea, Serikali yaweza kuirudia na kudai gharama. Kifungu hiki cha mwisho nimekipenda sana. Ni kama kumwambia mkandarasi wetu: nenda, ila ukituficha ufa tutakufuata.

Kwingine muda ni mfupi zaidi. Katika jimbo la North Dakota, huko Marekani, miaka 10 baada ya kuacha kushindilia, kampuni yaweza kupewa hati ya kumaliza, na hewa ikawa mali ya jimbo pamoja na matata yake. Serikali kuu ya Marekani katika kanuni zake za mwaka 2010 ilitaja miaka 50 ya kulinda kama kawaida, ingawa yaweza kubadilishwa. Huko Alberta, nchini Kanada, sheria ya mwaka 2010 yachukua dhima kutoka kwa kampuni, lakini kila tani inayozikwa hutozwa ada, nayo huwekwa katika mfuko wa kutunza mahali pale baadaye. Basi msomaji, ona jinsi mwamba ni mwamba, na hewa ni hewa, bali miaka yatofautiana: 10, 20, 50. Miaka hiyo haikupimwa kwa mwamba peke yake. Ilipimwa pia kwa nguvu ya waliokuwa wakipatana mezani.

Habari ya Australia ndiyo iliyonifikirisha zaidi. Katika kisiwa cha Barrow, makampuni makubwa yakiongozwa na Chevron yalitaka kuchimba gesi katika mradi uitwao Gorgon, na gesi ile ilikuwa na hewa ukaa nyingi ndani yake. Wakaahidi kuizika. Serikali kuu ya Australia na serikali ya jimbo zikakubali kubeba dhima ya baadaye, miaka 15 baada ya kufungwa: Serikali kuu fungu la 80 katika mia, na jimbo fungu la 20. Gesi ilianza kuuzwa mwaka 2016. Kuzika kulianza Agosti 2019. Waliagizwa kuzika angalau asilimia 80 ya hewa ukaa inayotoka kisimani kwa hesabu ya kila miaka mitano, wakashindwa, na mwaka 2021 ikawalazimu kutafuta hati za fidia kwa tani zaidi ya milioni 5. Angalia mpango wa mambo: faida ilianza, mzigo wa mbali ukawa umekwisha kugawanywa, na kazi yenyewe ya kuzika ikaja mwisho, ikichechemea.

Nasema waziwazi, mtu akijua kwamba baada ya miaka 10 deni litakuwa la mwingine, ataziba kwa saruji ya miaka 10. Hii si chuki kwa matajiri. Mimi nimesimamia ujenzi wa vyoo vya shule, najua mafundi.

Palipovuja

Utaniuliza, je, yamewahi kuvuja? Mahali pazuri pa kujifunza ni Decatur, katika jimbo la Illinois. Hapo kampuni ya nafaka ya ADM huzika hewa inayotoka katika kiwanda chake, nacho kilikuwa kisima cha kwanza nchini Marekani kufanya kazi kwa kibali cha namna hii. Mwaka 2024 ikajulikana kwamba hewa na maji ya chumvi yamepanda kuingia tabaka lisiloruhusiwa, kiasi cha mita 1,500 chini. Njia yake ilikuwa nini? Kisima cha uangalizi! Bomba la chuma lililowekwa ili kuchunguza hewa ndilo lililoliwa na kutu. Askari wa zamu ndiye aliyeacha mlango wazi. Maji ya kunywa ya watu hayakuguswa, maana yako juu sana, na kampuni ikasimamisha kushindilia. Mwaka huohuo Illinois ilitunga sheria yake, na jimbo halikukubali kubebeshwa dhima. Aliyezika abaki nayo.

Na huko Midwest, mji mdogo wa jimbo la Wyoming, shule ilifungwa mwaka 2016 kwa kuwa hewa ukaa iliyotoka katika kisima kikuukuu ilikutwa ndani ya jengo. Pale hewa ilikuwa ikishindiliwa ardhini ili kusukuma mafuta yatoke. Ni yale yale ya Rylands, msomaji: mara nyingi kinachosaliti si mwamba, ni tundu la zamani lililosahauliwa. Nami niliyefundisha darasani siwezi kuisoma habari hiyo bila kuwaona watoto wamekaa sakafuni.

Afrika pia tuna mfano. Jangwani Algeria, mahali paitwapo In Salah, tangu mwaka 2004 zilizikwa tani karibu milioni 4. Setilaiti zikaonyesha ardhi ya juu ikiinuka milimita chache kila mwaka, kama mkate unaoumuka. Wataalamu wakashuku kwamba msukumo unapasua mwamba, na mwaka 2011 kazi ikasimamishwa kabla kifuniko hakijaharibika zaidi. Hilo ndilo tunda la kulinda. Bila macho yale ya angani nani angalijua habari ya milimita chache jangwani?

Nani ataweka daftari

Nirudi kwenye ile hoja kwamba Serikali hubaki. Katika kabati la ofisi yangu kuna daftari la ubatizo la kwanza la parokia hii. Kurasa za mwanzo ziliandikwa wakati wa Wadachi. Zikafuata za wakati wa Waingereza, kisha za Tanganyika huru ya mwaka 1961, kisha za Muungano wa mwaka 1964. Kwa muda usiofika miaka 120, ardhi hii chini ya miguu yangu imekuwa na watawala wanne, kila mmoja na mihuri yake. Mashamba mengine yalipotea katika mabadiliko hayo kwa sababu karatasi ilibaki kwa aliyeondoka. Wazee huja kwangu kutafuta tarehe ya kuzaliwa ya mtu aliyebatizwa mwaka 1938, nami naipata, si kwa kuwa mtawala aliitunza, bali kwa kuwa kila karani alimkabidhi mwenziwe ufunguo.

Kwa hiyo mimi sioni vibaya Serikali ikipokea dhima mwishoni. Hapana mwingine atakayekuwako. Neno langu ni kwamba kuipokea dhima bila ramani ya visima vyote, vya sasa na vya kale, bila vipimo vya kila mwaka, na bila fedha zilizowekwa mbali na mikono ya bajeti, ni kupokea shimo letu la changarawe kwa mara nyingine.

Jambo hili limekwisha kukaribia kwetu. Katika Bonde la Ufa la Kenya kuna joto la ardhini la kuendeshea mitambo, na kuna mwamba mweusi wa volkano uitwao basalti. Mwaka 2023 kampuni ya Climeworks ya Uswisi ilitangaza mapatano na Great Carbon Valley ya Kenya kuchunguza njia ya kuvuta hewa ukaa kutoka angani na kuizika huko, na kampuni ya Octavia Carbon, ya Wakenya, nayo imeshika kazi hiyohiyo upande wa Gilgil. Basalti ina heri yake. Huko Iceland, katika majaribio yaliyoanza mwaka 2012, hewa ukaa iliyochanganywa na maji iligeuka jiwe, zaidi ya asilimia 95 yake, kwa muda usiofika miaka miwili. Jiwe halivuji. Ikiwa mwamba wa Bonde la Ufa utafanya vivyo hivyo, na vipimo vikathibitisha, basi muda wa kulinda waweza kuwa mfupi kwa haki, na si kwa upendeleo.

Bunge la Kenya mwaka 2023 lilirekebisha sheria ya tabianchi, likaagiza kwamba wenyeji wapate fungu la mapato ya miradi ya hewa ukaa: si chini ya 40 katika mia kwa miradi ya ardhi, na 25 kwa mingineyo. Vema. Ila wenyeji wakiitwa mkutanoni chini ya mti, wasiulize tu, "Tutapata ngapi?" Mfugaji mmoja asimame aulize visima vya zamani viko wapi na nani amevihesabu. Mama mmoja aulize fedha za kulinda ziko benki gani, na nani hutia sahihi. Kijana aulize baada ya kufungwa kampuni italinda miaka mingapi, na ikifilisika katika mwaka wa tatu itakuwaje. Na karani, kama yuko, aombe nakala ya vipimo iwekwe mahali ambapo watu wa hapo wanaweza kuisoma, kwa lugha yao, si Nairobi wala London peke yake.

Mama yule mjane bado hupita ofisini kwangu. Jumapili iliyopita aliuliza, "Mwanangu, ile barua ya tatu imejibiwa?" Nikamwambia bado, mama. Akataka kuona kama kweli ilikwenda. Nikafungua daftari la barua zitokazo, nikamwonyesha kwa kidole: namba yake imo, na tarehe imo. Akalitazama kwa muda, akaniambia nisilipoteze, akaenda zake.